Barua kwa mwanangu: Görbicz na klabu yake moja

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Hapa nyumbani sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Unasema kwenye timu yako ya mpira wa mikono hapo shuleni una binti wa kidato cha pili anayecheza katikati. Ni mwepesi, anauona uwanja, ila kimo hana, na shule nyingine imeanza kumvizia kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Umesikia kwamba Anita Görbicz wa Hungaria alichezea klabu moja tangu akiwa binti mdogo mpaka alipostaafu, na bado akawa mchezaji bora wa dunia. Ukaniuliza: "Mama, kubaki kulimsaidia au kulimchelewesha? Na huyu wangu nimfundishe nini kutoka kwake?"

Kulimchelewesha kikombe kimoja, kile kikubwa kuliko vyote vya klabu barani Ulaya. Kulimsaidia katika mengine yote. Ila kulimsaidia kwa sababu mbili ambazo wanaosimulia habari zake huziruka: klabu haikukaa vilevile, na yeye mwenyewe hakukaa vilevile.

Halafu ujue kwamba hata yeye alihama. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1983 Veszprém, mji ulio karibu na ziwa Balaton, ambao jina lake linajulikana Ulaya nzima kwa timu yake ya wanaume ya mpira wa mikono. Mwaka 1997, akiwa na miaka 14, akaenda Győr, mji wa viwanda kaskazini-magharibi mwa nchi, katikati ya Budapest na Vienna, mahali ambapo Audi hutengeneza injini. Huko ndiko alikokaa hadi 2021, miaka 24, jezi namba 13 mgongoni. Kwa hiyo alihama mara moja, mapema, kwenda kwenye klabu iliyompokea akiwa mtoto ikampandisha mpaka timu ya wakubwa. Usilisahau hilo utakapozungumza na wazazi wa huyo binti.

Sasa tuje uwanjani, maana ndiko lilipo jibu lenyewe.

Unajua tayari mpangilio: kipa mmoja na wachezaji sita. Mawinga wawili kwenye kona, wapigaji wa nyuma wawili, wa kushoto na wa kulia, pivoti aliyejibanza ndani ya ukuta wa wapinzani, na mchezeshaji katikati. Görbicz alikuwa mchezeshaji. Hakuwa mmoja wa yale majitu ya nyuma yanayoruka mita 10 kutoka golini na kupiga juu ya mikono ya ukuta. Timu nyingi za enzi yake ziliwategemea watu wa aina hiyo, na Hungaria yenyewe ilikuwa na Bojana Radulovics upande wa kulia, mpigaji wa mbali wa kutisha. Görbicz alipaswa kufunga na kufungisha kwa njia nyingine. Njia hiyo inafundishika. Ndiyo maana nafurahi umemchagua yeye.

Chukua shambulizi moja tu tulitazame kwa karibu. Wapinzani wamesimama ukuta wa 6-0, wote sita kwenye mstari wa mita 6. Mpira uko kwa mpigaji wa kushoto. Görbicz hasubiri mpira amesimama. Anaanza mita 11 au 12 kutoka golini, na mpira unapoachwa mkononi mwa mwenzake yeye tayari ameshaanza kukimbia. Anaudaka akiwa hewani kidogo, anatua. Kisheria, mguu unaotua kwanza baada ya kudaka mpira hewani hauhesabiwi kuwa hatua, kisha ana hatua tatu kamili. Anayepokea amesimama anazo hizo tatu tu, na ya kwanza inaliwa na kuanza mwendo. Hapo tayari ameshamzidi huyo aliyesimama kwa hatua nzima, na beki bado amesimama wima.

Halafu angalia anakoelekea. Hakimbilii kwa beki, anakimbilia kwenye nafasi iliyo kati ya mabeki wawili wa kati. Akifanya hivyo, wote wawili wanalazimika kuuliza swali moja: nani atoke? Akitoka mmoja kumkabili kwenye mita 8 au 9, nyuma yake pamefunguka, na pivoti anageuza mwili kuingia hapo. Wakitoka wote wawili, mpigaji wa kulia anayekuja mbio anapata njia nyeupe. Wasipotoka, anaruka na kupiga. Mambo matatu, na uamuzi unakuja kwenye hatua ya pili, si kabla. Mkono wake wa kulia unakuwa juu, tayari kupiga, mpaka sekunde ya mwisho. Mkono huo ndio unaomdanganya beki. Ukiushusha mapema umeshamwambia utafanya nini.

Kosa la wasichana wengi wa mashuleni ni kuamua kabla ya kupokea. Binti anajiambia, "safari hii nampa pivoti," na anampa hata kama beki amesimama palepale. Mpira unanaswa, wapinzani wanaondoka na shambulizi la kasi, goli. Kocha anamgombeza kwa pasi mbaya, wakati pasi yenyewe haikuwa na kasoro. Aliamua mapema tu.

Mfanyishe hivi. Weka koni mbili upate upana wa mita 8 mbele ya goli. Ndani weka mabeki wawili na pivoti mmoja, nje mchezeshaji na mpigaji mmoja wa pembeni. Wewe simama nyuma ya mchezeshaji asikuone, uwaonyeshe mabeki kwa vidole: kidole kimoja, atoke mmoja; viwili, watoke wote; ngumi, wabaki. Mchezeshaji hajui, inabidi asome. Mashambulizi 10, pumziko la dakika mbili, 10 tena, 10 tena. Usihesabu magoli. Hesabu maamuzi sahihi. Akipata sita kati ya 10 kwa wiki za mwanzo anaendelea vizuri. Akifika manane, mwongezee beki wa tatu.

Pasi ya pivoti inataka maelezo yake. Mabeki wa 6-0 husimama mikono juu ili kuzuia mapigo, kwa hiyo njia iliyo wazi ni ya chini, kwenye usawa wa kiuno. Pasi ya kudundisha inapita hapo, na mpira uguse sakafu karibu na mpokeaji kuliko na mtoaji, kama theluthi mbili ya umbali, ili umfikie ukiwa unapanda. Pivoti aonyeshe kiganja kimoja kilichofunguka upande ambao beki hayupo, na mpira uende kwenye kiganja hicho, si kwenye mwili wake. Huko Győr wanacheza kwenye sakafu laini ya ukumbini. Kama uwanja wenu ni wa vumbi au saruji iliyochimbika, pasi ya kudundisha itakusaliti, kwa sababu mpira unaruka kokote. Fundisha pasi ya hewani ya chini, ya kukunja kiwiko na kusukuma kwa kifundo cha mkono, ipite ubavuni mwa beki.

Na kuna gundi. Wachezaji wa Ulaya hupaka vidoleni gundi inayonata, na ndiyo inayowawezesha kuushika mpira kwa mkono mmoja, kuuzungusha nyuma ya mgongo na kuuachia kwa kifundo tu. Wasichana wako wakiiga pasi hizo kwa mikono mikavu mpira utawatoka. Hilo lisiwavunje moyo. Pasi ya mikono miwili iliyotolewa kwa wakati inashinda pasi ya mbwembwe iliyochelewa. Angalia na mpira wenyewe: kwa wasichana wa kuanzia miaka 14 na wanawake ni namba 2, mzingo sentimita 54 hadi 56, uzito gramu 325 hadi 375. Shule nyingi zinacheza na wowote uliopo stoo, hata namba 3 ya wanaume, halafu tunashangaa binti hawezi kupiga. Vidole havifiki!

Nirudi kwenye maisha yake. Timu ya taifa ya Hungaria aliyoikuta ilikuwa moto. Mwaka 2000 ilikuwa imepata fedha ya Olimpiki Sydney na ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2003, akiwa na miaka 20, Görbicz akafika nayo fainali ya Kombe la Dunia nchini Kroatia dhidi ya Ufaransa. Hungaria iliongoza kwa tofauti kubwa ikiwa imebaki dakika chache. Ufaransa wakarudi, wakasawazisha kwa pigo la mita saba, yaani penalti, mwishoni kabisa, wakashinda 32–29 kwenye muda wa nyongeza. Ile ni moja ya fainali zinazouma kuliko zote katika mchezo huu, na mwalimu yeyote angefaa kuifahamu. Timu inayoongoza kwa magoli sita au saba dakika za mwisho huanza ama kupiga haraka ili imalize kazi, ama kuogopa kupiga. Yote mawili yanampa mpinzani mpira. Kinachotakiwa ni mchezeshaji anayejua kutumia kila shambulizi mpaka tone la mwisho bila kuadhibiwa kwa kuchelewesha mchezo.

Sheria ya hilo imebadilika, nayo uijue. Zamani mwamuzi akishainua mkono kuonya kwamba mnachelewesha, ilibaki juu yake kuamua lini apulize. Kuanzia 2016 ikawekwa idadi: baada ya onyo, pasi sita, basi. Mwaka 2022 zikapunguzwa kuwa nne. Kwa hiyo mchezeshaji wako lazima ahesabu kwa sauti. Mkono ukiinuka, yeye ndiye anayepiga kelele "moja, mbili," na kila mmoja ajue pasi ya tatu inakwenda kwa nani.

Mwaka uliofuata, 2004, Hungaria ilipata shaba ya Ulaya ikiwa mwenyeji, na 2005 shaba ya dunia kule Urusi. Kwa kazi ya mwaka huo wa 2005 Görbicz alichaguliwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono, IHF, kuwa mchezaji bora wa dunia wa wanawake. Alikuwa na miaka 22. Olimpiki hazikumpa medali: Athens 2004 walimaliza wa tano, Beijing 2008 wa nne. Wa nne ni nafasi chungu, mwanangu, unacheza mpaka siku ya mwisho na unarudi mikono mitupu. Katika timu ya taifa alifunga zaidi ya magoli 1,100 kwenye mechi zaidi ya 230.

Wakati huo klabu zenye fedha na vikombe zilikuwa Denmark, baadaye na kwingineko. Mchezaji bora wa dunia angeweza kwenda popote. Akabaki Győr. Hapa ndipo swali lako linapoingia, kwa sababu Győr ya miaka hiyo ilikuwa nzuri nyumbani na ya kukatisha tamaa nje. Kuanzia 2005 hadi 2019 ilichukua ubingwa wa ligi ya Hungaria mara 13. Lakini Ulaya ilifika fainali za makombe ya chini mara kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikazipoteza. Mwaka 2009 ikafika fainali ya Ligi ya Mabingwa ikafungwa na Viborg ya Denmark. Mwaka 2012 ikafika tena, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi: mechi ya kwanza Győr ilishinda 29–27 dhidi ya Budućnost ya Montenegro, ya pili kule Podgorica ikapoteza 27–25. Jumla 54 kwa 54. Budućnost wakachukua kikombe kwa sheria ya magoli ya ugenini, kwa kuwa walifunga 27 ugenini na Győr 25. Görbicz alikuwa na miaka kama 29, hana kombe hata moja la Ulaya.

Mtu anaweza kutazama hapo akasema angehama mapema. Mimi siafiki, na sababu yangu ni ya kimpira. Mchezeshaji anahitaji watu wanaojua mwendo wake, pivoti hasa. Pasi ile ya kiunoni niliyokueleza inatolewa kabla pivoti hajageuka. Inatolewa kwa kuaminiana kwamba atageuka. Hilo haliji kwa mwezi mmoja. Badala ya Görbicz kuifuata timu bora, Győr iliileta timu bora kwake, kidogo kidogo. Mwaka 2009 akaja Eduarda Amorim wa Brazili, mpigaji wa kushoto ambaye uhodari wake wa kukaba ulikuwa sawa na wa kufunga. Mwaka 2010 akaja kipa Katrine Lunde wa Norwei. Mwaka 2011 akaja Heidi Løke, naye wa Norwei, pivoti mwenye mikono isiyoangusha mpira. Mwaka 2012 akaja kocha Mhispania Ambros Martín.

Tazama waliokuja ni akina nani. Kipa, mkabaji, pivoti. Walijaza kile kilichokosekana: kuzuia magoli nyuma, na mtu wa kumalizia ndani. Wasichana wengi wenye kipaji hukwama kwa sababu timu inawazungushia watu wanaofanana nao. Kama binti yako ndiye kichwa cha timu, usitafute mwingine wa aina yake. Tafuta msichana mpana, asiyeogopa kusukumwa, mwenye vidole imara, umfanye pivoti, na mwingine asiyeogopa mpira usoni umweke golini.

Mwaka 2013 Győr ikamfunga Larvik ya Norwei kwenye fainali, na Görbicz akanyanyua Ligi ya Mabingwa karibu na siku ya kutimiza miaka 30. Mwaka 2014 mfumo ulibadilika. Timu nne za mwisho zikakutanishwa Budapest wikiendi moja, nusu fainali Jumamosi na fainali Jumapili. Győr ikamkuta Budućnost tena, ikamshinda 27–21. Kwa mtu aliyekumbuka 2012, ile ilikuwa haki yake kabisa.

Mwaka 2015 alipata mtoto, na akarudi uwanjani. Hapa nataka usome polepole, maana ndipo palipo na somo kubwa kuliko vikombe. Győr ilikuwa imemleta Nycke Groot wa Uholanzi, mchezeshaji kamili, na mwaka 2017 akaja Stine Oftedal wa Norwei, naye mchezeshaji. Nahodha, jina kubwa kuliko yote klabuni, sasa ana watu wawili kwenye nafasi yake. Wengi hununa. Wengine huhama. Görbicz alisogea winga wa kushoto na kuendelea kufunga.

Kusogea huko si jambo dogo. Winga anaanzia kwenye kona, pembe finyu, kipa akisimama vizuri haoni goli kabisa. Lakini mtu anayepiga kwa mkono wa kulia akitoka winga ya kushoto ana faida: mkono wake wa kupigia uko upande wa katikati ya uwanja. Anakimbia kutoka kona, anaruka kwa mguu wa kushoto, na anaruka kuelekea alama ya mita saba, si kuelekea nguzo. Kila nusu mita anayopata hewani kuelekea ndani inaipanua pembe. Sheria inamruhusu kuwa juu ya eneo la kipa mradi mpira umuache mkononi kabla hajagusa chini. Anasubiri kipa atangulie kuonyesha nia, mguu au mkono, ndipo anapiga: chini kona ya mbali, au karibu na sikio la kipa upande wa nguzo ya karibu. Kazi hiyo haimalizi nguvu za mwili kama kugongana na mabeki wawili katikati kila shambulizi. Kwa mtu aliyepita miaka 30 na aliyezaa, inamwongezea miaka ya kucheza. Na aliyekuwa mchezeshaji maisha yake yote anapokaa winga anakuwa mwiba, kwa sababu anajua mpira utamfikia lini kabla hata anayeutoa hajajua.

Kwa hiyo mfundishe huyo binti nafasi mbili tangu sasa. Siku mbili za mazoezi katikati, siku moja winga ya kushoto, kama anatumia mkono wa kulia. Mpigie mipira 20 ya kuruka kutoka kona, na chora kwa chokaa alama anakotakiwa kutua, mita moja ndani zaidi ya anakotua leo. Wengi hukosea mguu: wanaruka kwa mguu wa kulia, mwili unajifunga, mpira unakwenda nje. Mrekebishe hapo kwanza, kabla ya kusema lolote juu ya shabaha.

Mwaka 2016 walifika fainali Budapest wakapoteza kwa CSM București ya Romania kwa mapigo ya mita saba. Halafu yakaja makombe matatu mfululizo. Mwaka 2017 walimfunga Vardar ya Masedonia Kaskazini 31–30 kwenye muda wa nyongeza. Mwaka 2018 wakamfunga Vardar yuleyule, 27–26, tena kwenye muda wa nyongeza. Mwaka 2019 wakamfunga Rostov-Don ya Urusi 25–24, na kocha wa Rostov siku hiyo alikuwa Ambros Martín, aliyeondoka Győr mwaka mmoja kabla na kuwajua wote mpaka kucha zao. Fainali tatu, kila moja kwa goli moja. Timu ileile iliyopoteza 2012 kwa magoli ya ugenini ilikuwa imejifunza kukaa na mpira mikononi dakika ya mwisho bila kutetemeka. Makombe matano ya Ligi ya Mabingwa kwa jumla, na katika mashindano hayo akavuka magoli 1,000.

Msimu wake wa mwisho, 2020/21, haukumalizika kwa kombe. Nusu fainali Budapest Győr ilitolewa na Brest ya Ufaransa kwa mapigo ya mita saba, ikamaliza ya tatu. Akastaafu, na mwaka huohuo akawa rais wa klabu. Győr ikabeba Ligi ya Mabingwa tena 2024 na 2025.

Sasa huyo binti. Usimzuie kwa jina la Görbicz, wala usimsukume aondoke. Nenda ukamwone mwalimu wa ile shule, umuulize mambo ya kazi. Atacheza katikati, au wanamtaka akae benchi nyuma ya msichana wa kidato cha nne? Wana kipa anayefundishwa, au golini anasimama yeyote aliyechelewa kufika mazoezini? Wanafanya mazoezi mwaka mzima, au wiki tatu kabla ya mashindano? Wana mpira namba 2? Na shule, masomo yake yatakuwaje baada ya mashindano kwisha? Majibu yakiwa mazuri kuliko uliyonayo wewe, mwache aende, hata kama roho itakuuma. Görbicz aliondoka kwao na miaka 14. Majibu yakiwa ni jezi mpya na nauli, mweke hapo na umjengee timu.

Jambo moja la mwili, tafadhali lisikupite. Chenga za mchezeshaji zinaumiza magoti, hasa ya wasichana. Hatari iko pale anapotua kwa mguu mmoja na kubadili upande ghafla, goti likaingia ndani huku unyayo umeganda chini. Goti likae juu ya vidole vya mguu, limekunjwa, asitue mguu umenyooka. Kila siku kabla ya mpira mfanyishe kuruka na kutua mara nane kwa kila mguu, taratibu, ukimtazama kwa mbele. Goti likicheza kuingia ndani, hiyo siku hakuna chenga za kasi mpaka atue vizuri. Kama uwanja wenu una kokoto juu ya saruji, fagieni kwanza. Dakika 10 za ufagio ni nafuu kuliko goti.

Ukipata mechi za kumwonyesha, anza na fainali ya 2014. Mwambie asifuate mpira. Amtazame namba 13 peke yake kipindi cha kwanza, wakati hana mpira: anasimama umbali gani, anaanza kukimbia lini, anamtazama nani. Kipindi cha pili amtazame pivoti. Halafu mpe 2019, aone kazi ya winga. Akimaliza muulize, kabla ya kumweleza lolote, nani aliyekuwa ametoka kwenye ukuta katika kila pasi ya pivoti. Akikujibu tatu au nne bila kurudisha nyuma mkanda, mwanzishie lile zoezi la vidole Jumatatu, na uniandikie limekwendaje.

Mama yako